Mbwa wa Mahame

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Verdiana alijitwika debe na kushuka chemchemini. Tangu watu wahamie kijiji kipya, njia ya maji ilikuwa imerefuka. Zamani nyumba yao ilisimama peke yake juu ya mteremko, na jirani wa karibu ungemwita kwa kupiga kelele na mikono mdomoni. Sasa nyumba zilipangwa kwa mistari, ua kwa ua. Mtu akikohoa kwake, unampa pole ukiwa kwako. Watu walisogea, lakini chemchemi haikusogea. Ili kuifikia, ilimbidi Verdiana apite kwenye mahame.

Hakuyapenda mahame hayo. Ukungu wa Gitting, huku chini ya mlima Hanang, hulala chini mpaka jua lipande, na ndani ya ukungu huo alikuwa akiona kuta zilizobomoka, mafiga yaliyoachwa na milango isiyofungua chumba chochote. Watoto wenzake walisema fisi wamehamia pale watu walipohama. Yeye alipita haraka bila kugeuza shingo.

Asubuhi moja alisikia kitu kikipumua nyuma ya ukuta. Akasimama. Kilichotoka pale kilikuwa mbwa wa rangi ya majivu, mbavu nje, sikio moja limechanika. Hakubweka wala hakutikisa mkia. Alisimama mlangoni mwa nyumba isiyo na paa akamtazama.

Verdiana alimtambua. Alikuwa mbwa wa mzee Emilian. Siku ya kuhama, mzee huyo alipandishwa kwenye tela la trekta akapelekwa kwa mwanawe huko Getanuwas. Mbwa alilikimbilia lile tela mpaka vumbi likalimeza, kisha akarudi kulinda nyumba isiyo na mtu.

Kesho yake Verdiana alimletea ukoko wa ugali. Akaendelea hivyo, kila siku akiuweka karibu zaidi na miguu yake mwenyewe kuliko jana. Siku mbwa alipokula mkononi mwake, alimfuata mpaka nyumbani, nyuma yake, kimya kama kivuli.

Baba yake, Qamara, alikuwa akinoa jembe uani. Aliinua macho.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Kwenye mahame, baba. Hana mtu."

"Ndiyo maana. Mbwa aliyeishi peke yake hajui tena kuishi na wenzake. Hapa kila ua una mbwa. Mwanangu, umetuletea tabu."

Jina likamganda mbwa hapo hapo. Akaitwa Tabu.

Na maneno ya Qamara hayakuchelewa kutimia. Jioni ile ile Jeki, mbwa wa jirani yao Margwe, alipenya kwenye ua kuja kumnusa mgeni. Jeki alikuwa mbwa mnene, mpole, mwenye kuchezewa mkia na watoto. Tabu hakumpa nafasi. Alimrukia shingoni bila kutoa sauti, wakabiringika mpaka kwenye mafiga, chungu kikapinduka, ndama wakakata kamba. Ilibidi wanaume wawamwagie maji ndipo wakaachana.

"Jirani," Margwe alisema akihema, "hapa hatukai tena kila mtu na kilima chake. Huyo mnyama wako atatugombanisha."

Qamara aliona haya. Verdiana alimfunga Tabu kwenye nguzo ya zizi, akakaa karibu naye mpaka moyo wa mbwa ulipoacha kupiga mbio.

*

Haikupita wiki, mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Hakuzungumzia shamba la ujamaa wala mbegu, kama watu walivyotarajia.

"Kwenye vijiji vya huko chini, kuelekea Katesh, amepita mbwa mwenye kichaa," alisema. "Ameuma ndama. Ameuma na mtu, baba mwenye watoto. Juzi wamemzika."

Upepo ulisikika kwenye mabati ya ofisi.

"Kuanzia leo, mbwa atakayezurura, mbwa atakayepigana, mbwa atakayeuma, mgambo atampiga risasi. Hakuna kumwuliza mwenye mbwa."

Hilary, mgambo wa kijiji, alisimama pembeni na bunduki yake begani. Macho ya watu yakageuka polepole kumtazama Qamara. Verdiana aliinamisha kichwa, kwa sababu alijua wanafikiria nini.

Siku chache baadaye bwana mifugo alikuja kwa pikipiki akiwa na dawa ya chanjo ndani ya chupa yenye barafu. Jina lake Nikolausi, mwenyeji wa Bukoba, na alizungumza taratibu kama mtu anayepima kila neno. Dawa ilikuwa haba, akawataka watu walete mbwa kwa hiari. Qamara alimfunga Tabu mdomo kwa kitambaa akampeleka. Margwe hakwenda.

"Jeki wangu ni mzima," alisema. "Sindano ni za wagonjwa."

Nikolausi alipomaliza, Verdiana alimsogelea.

"Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbwa anaweza kufundishwa asipigane? Huyu wangu ni mkali sana. Naogopa watamuua."

Nikolausi alimtazama Tabu. "Huyu si mkali. Ni mwoga. Huko alikokaa, kila aliyemjia alikuwa na njaa au alikuwa fisi. Amejifunza kuwahi kabla hajawahiwa."

"Sasa nifanyeje?"

"Mtafute mwenzako mwenye mbwa mpole. Mtembee njia moja, wewe upande huu na yeye upande ule, mbali kwanza. Mbwa wasitazamane uso kwa uso. Wako akimwona mwenzake akatulia, mpe kitu anachopenda. Akikakamaa, rudi nyuma, umpe nafasi. Usimpige, maana ukimpiga atafikiri yule mbwa mwingine ndiye aliyemletea maumivu. Kamba iwe imelegea."

Alifunga mkoba wake, kisha akamgeukia tena.

"Na hili usilisahau. Siku akigeuza uso, siku akikataa kusogea, usimvute. Mbwa hana maneno. Mwili wake ndio mdomo wake. Ukimvuta, umemziba."

*

Zita, binti Margwe, alikuwa rafiki wa Verdiana na walikaa dawati moja darasa la tano. Alikubali kusaidia. Kila jioni baada ya shule walitembea kando ya shamba la ngano, Zita na Jeki upande mmoja wa barabara, Verdiana na Tabu upande wa pili, na kati yao nafasi pana kama uwanja wa mpira.

Mwanzoni Tabu alikaza mwili wote kama uzi wa upinde. Verdiana alirudi nyuma, akangoja, akampa ukoko. Siku nyingine walirudi nyuma mara nyingi kuliko walivyokwenda mbele, na Zita alilalamika kwamba mama yake anamngoja na kuni. Lakini siku moja Tabu alimwona Jeki, kisha akageuka mwenyewe kumtazama Verdiana, kana kwamba anauliza, "Ukoko wangu uko wapi?" Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo wakaanza kusogeleana kidogo kidogo.

Ndipo walipokutana na bweha.

Jua lilikuwa bado kali. Bweha hutembea gizani au alfajiri, tena akiona mtu hukimbia. Huyu alisimama katikati ya njia. Kichwa alikiinamisha upande mmoja, mate yakimning'inia, na macho yake yaliwatazama bila kuwaona. Zita alipiga kelele. Bweha hakushtuka.

Tabu hakubweka. Nywele za mgongo wake zilisimama, akarudi nyuma mpaka akamgusa Verdiana magotini. Jeki alifanya kinyume. Alichomoka na kamba yake, akamkimbiza bweha hadi ndani ya ngano. Mabua yalitikisika, ikasikika sauti kali fupi, kisha kimya. Jeki alirudi akitikisa mkia kwa majivuno. Puani alikuwa na damu kidogo.

Zita alimweleza baba yake. Margwe aliifuta ile damu kwa kidole gumba.

"Mkwaruzo tu," alisema. "Msiende kulitangaza. Mwenyekiti anatafuta mbwa wa kuua."

Wasichana wakanyamaza. Mtu mzima alikuwa amesema.

*

Mvua zikazidi, ngano ikarefuka zaidi, na kidonda cha puani kwa Jeki kikapona hata kovu halikuonekana. Tabu na Jeki waliweza kutembea upande mmoja wa barabara, mikia imelegea, wakinusa jani moja kwa zamu. Majirani waliokuwa wakimwita Tabu mchawi walianza kumwita kwa jina lake.

Kisha mwenyekiti akatangaza kwamba kesho yake atapita ua kwa ua kukagua mbwa. Verdiana alitaka Tabu asimame na Jeki mbele ya mwenyekiti bila hata kunguruma, kijiji kizima kione. Jioni hiyo akamwita Zita nyuma ya zizi wafanye mazoezi ya mwisho, mbwa kwa mbwa, karibu kabisa. Mdogo wa Verdiana, Hhando, aliyekuwa bado hajaanza shule, aliwafuata akiburuta fimbo.

Jeki alikuwa amelala. Zita alikwenda kwao kumwamsha, naye akainuka kwa shida akamfuata.

"Leo ana uvivu," Zita alisema.

Tabu alipomwona Jeki alisimama. Verdiana alimwonyesha ukoko. Hakuutazama. Aligeuza uso pembeni, akaketi chini, akakataa kusogea.

"Twende, Tabu. Mbona leo unaniaibisha?"

Alimvuta. Kamba ikakaza. Tabu alilia kwa sauti nyembamba, makucha yakichora udongo. Verdiana akamvuta tena.

Aliyeruka hakuwa Tabu. Jeki alirusha mwili wake mbele, mdomo wazi, akamng'ata Tabu begani. Tabu alijitahidi kukimbia, kamba ikamzunguka Hhando miguuni, mtoto akaanguka katikati ya mbwa wawili. Jeki aligeuka akamuuma shavu la mguu, akaachia, akasimama hapo akitetemeka kama aliyesahau alikuwa akifanya nini. Kisha akaondoka zake, akijigongagonga kwenye ua.

Damu ilikuwa kidogo. Kilio kilikuwa kikubwa. Verdiana alimziba Hhando mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza! Ukisema ni mbwa, kesho watampiga Tabu bunduki. Unataka Tabu afe?"

Hhando alitikisa kichwa, machozi yakimchuruzika juu ya vidole vya dada yake.

"Sema umechomwa na miiba ya ua. Na wewe, Zita, usiseme."

"Sitasema," Zita alijibu.

Nyumbani mama yao, Fransiska, aliushika mguu wa mwanawe, akauinamia.

"Miiba gani hii yenye meno?"

Verdiana alifungua mdomo. Wakati huo huo ng'ombe mwenye ndama mchanga akalia kwa uchungu zizini, mama akachukua kitambaa, akaufunga mguu haraka, akatoka. Verdiana akaufunga mdomo wake.

Kesho yake mwenyekiti alipita; kwa Margwe alimkuta Jeki amelala tu, akaendelea. Tabu aliketi kimya karibu na nguzo, kidonda cha begani kikiwa kimefichwa na manyoya, na mwenyekiti akasema, "Kumbe mbwa huyu amepata adabu. Hongera, binti." Ilikuwa sifa aliyoingoja kwa muda mrefu. Ilimkaa kooni kama mfupa.

*

Siku chache baadaye Zita alifika shuleni na macho mekundu. Alingoja mpaka walipotoka kwenda kupalilia shamba la shule. Huko, kati ya mistari ya maharage, akamshika Verdiana mkono.

"Jeki hataki maji. Nimemsogezea bakuli, akarudi nyuma kama nimemwonyesha moto. Anatafuna udongo. Na sauti yake, Verdiana, si sauti yake. Jana alinitazama akawa hanijui."

"Baba yako anasemaje?"

"Anasema amekula sumu ya panya. Amemfungia ghalani."

Verdiana alimkumbuka bweha aliyesimama juani. Akaukumbuka ule mguu mdogo uliofungwa kitambaa, na yule baba mwenye watoto aliyezikwa huko chini kuelekea Katesh. Asubuhi ile Hhando alikuwa amekunywa uji na kucheka. Mpaka lini?

Aliacha jembe lilipo. Mwalimu alimwita, naye hakugeuka. Alikimbia hadi shamba la kijiji, ambako wanaume walikuwa wakilima kwa mstari, akasimama mbele ya baba yake bila pumzi.

"Baba, Hhando hakuchomwa na miiba. Ameumwa na mbwa. Mimi nilimwambia aseme uongo."

Majembe ya karibu yalisimama.

"Mbwa gani?"

"Jeki. Na Jeki ni mgonjwa. Hanywi maji."

Verdiana alingoja kofi. Lingekuwa afadhali. Qamara alilaza jembe lake chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Kamwite bwana mifugo. Yuko kwenye josho la ng'ombe. Kimbia kuliko ulivyokimbia kuja hapa."

Nikolausi hakuuliza maswali mengi. Alifika nyumbani kwa Qamara, akaomba sabuni na maji, akaufungua ule mguu na kuuosha. Akaosha, akamwaga, akaosha tena, mpaka Fransiska akadhani hatamaliza.

"Hivi ndivyo ilivyotakiwa saa ile ile," alisema bila kuinua macho. "Sabuni na maji mengi, halafu hospitali. Hospitali ya misheni wanayo dawa. Twende sasa hivi."

Qamara alipanda nyuma ya pikipiki akiwa amempakata Hhando. Kabla hawajaondoka, kelele zilisikika upande wa kwa Margwe. Mlango wa ghala ulikuwa umevunjika.

Jeki alitoka barabarani. Alikwenda moja kwa moja, hakutazama kushoto wala kulia, kama mtu aliyeitwa na sauti ambayo wengine hawaisikii. Taya lake lilining'inia. Mbele yake, wanawake walikuwa wakipanda kutoka chemchemini na madebe kichwani.

"Ingieni ndani!" Nikolausi alipiga kelele. "Ndani, wote!"

Madebe yakaanguka. Milango ikafungwa kwa kishindo. Wanawake waliokuwa mbali walijitupa nyuma ya ukuta wa ofisi. Zita alitokea akilia, "Jeki! Jeki!" na Margwe akamdaka kiunoni, akamwinua juu, miguu ikipiga hewa. Jeki aligeukia sauti hiyo. Kwa kitambo kidogo alisimama kama anayejaribu kukumbuka.

Hilary alipiga risasi moja tu. Mlio ulikwenda ukagonga mlima Hanang, ukarudi. Baada ya hapo hakuna mbwa hata mmoja kijijini aliyebweka.

*

Hhando na mama yake walikaa hospitali siku nyingi. Kila siku mtoto alichomwa sindano tumboni, kuzunguka kitovu, na kila siku alilia. Verdiana alipopelekwa kumwona, daktari aliwaambia yeye na baba yake: "Mmekuja kabla ugonjwa haujaamka. Ukishaamka, hatuna dawa. Sasa tunangoja."

Kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote. Qamara hakumpiga Verdiana wala kumfokea. Alikula kimya, akalima kimya. Nyumba bila mama na Hhando ikawa kubwa, na kila mtu aliyebisha hodi aliwashtua, wakidhani amekuja na habari.

Tabu naye alikuwa ameumwa begani. Kwa kuwa alikuwa amechanjwa, Nikolausi alimchoma sindano nyingine, akaamuru afungiwe peke yake katika banda la zamani la ndama, asiguswe na mtu, miezi mingi.

"Chanjo ni ngao, lakini hata ngao hukaguliwa," alimwambia Verdiana. "Wewe ndiye utakayemlisha, ukimsogezea bakuli kwa mti huu. Akibadilika hata kidogo, utaniambia?"

"Nitasema."

"Hata ukijua nitakuja na Hilary?"

Verdiana alimtazama Tabu. "Nitasema."

Siku hiyo ilifika. Hhando alikuwa amesharudi nyumbani, mwembamba lakini mzima. Verdiana aliamka akakuta ugali wa jana haujaguswa. Maji yalikuwa vilevile. Tabu alisimama pembeni mwa banda, mdomo nusu wazi, mate yakidondoka.

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameona. Angeweza kumwaga ugali, akabadilisha maji, akasubiri kesho. Labda kesho angekula. Alisimama pale akitazama yale mate. Kisha akaenda kwa Nikolausi, akilia njia nzima, akamwambia kila alichokiona.

Nikolausi alikuja. Hilary alikuja na bunduki. Margwe pia alikuja, akasimama nyuma yao. Bwana mifugo hakufungua mlango. Alichuchumaa nje ya banda akatazama kwa muda mrefu sana. Alisogeza bakuli la maji kwa mti. Tabu hakurudi nyuma. Aliliendea, akatumbukiza mdomo, akashindwa kunywa, akaanza kujikuna shavu kwa mguu wa mbele.

"Mwite," Nikolausi alisema.

"Tabu," Verdiana aliita.

Mbwa aligeuza sikio lililochanika, akamtazama. Alimjua.

Nikolausi alivaa glavu nene za ngozi, akamnasa shingo kwa kitanzi cha mti mrefu, akaingia. Hilary alikuwa ameinua bunduki. Bwana mifugo alichungulia ndani ya mdomo wa Tabu, akaingiza koleo, akavuta kwa ghafla. Alitoka na kipande cha mfupa kilichokuwa kimekwama kati ya meno ya juu.

"Huyu ana njaa tu," alisema.

Tabu alikunywa bakuli lote. Verdiana alikaa chini kwenye matope akaficha uso mikononi. Aliposikia mkono begani, alidhani ni baba yake. Alikuwa Margwe, na macho yake yalikuwa yamelowa.

*

Ngano ilipokwisha kuvunwa, dawa ya kutosha ilifika, na safari hii hapakuwa na hiari. Kila mwenye mbwa alimleta joshoni. Palikuwa na mbwa wengi kuliko ambavyo kijiji kiliwahi kuwaona pamoja, na wengi hawakujua kamba ni nini. Walivutana, walibwekeana, watoto walipiga kelele, na Nikolausi alitoka jasho kabla hajachanja hata mmoja. Jicho la mwenyekiti lilikuwa kwenye malango. Pigano moja tu lingetawanya kila kitu.

Tabu alikuwa ametoka kifungoni siku si nyingi. Verdiana alimleta mwisho. Alisimama mbali kwanza, akangoja. Tabu alitazama lile kundi, mwili ukakaza. Verdiana alirudi nyuma. Watu kwenye mstari walinung'unika, "Mpitishe basi, tunachelewa," naye hakuwasikiliza. Tabu akashusha pumzi, akamtazama. Akapewa ukoko. Wakasogea kidogo. Wakangoja tena. Hivyo hivyo, kamba ikiwa imelegea, walipita kando ya mbwa mmoja baada ya mwingine, na pale walipopita kelele zilipungua, maana wenye mbwa walianza kumwiga Verdiana. Wakageuza mbwa wao wasitazamane, wakalegeza kamba.

Margwe alikuwa kwenye mstari na mbwa mchanga mpya, kamba mkononi mwa Zita. Tabu alimnusa yule mtoto wa mbwa. Mkia wake ukatikisika mara moja, kwa tahadhari, kisha tena.

Kazi ilipokwisha, watoto waliketi juu ya ukuta wa josho. Margwe aliwasogelea, akavua kofia. Hakuwa mtu wa kuhutubia.

"Watoto, mnasema Verdiana alidanganya, na ni kweli. Lakini wa kwanza kunyamaza nilikuwa mimi. Niliiona damu puani mwa mbwa wangu. Nilijua imetoka kwa bweha. Niliifuta kwa kidole nikadhani nimeifuta kweli. Nilimpenda Jeki, ndiyo sababu nikaficha, na kule kuficha ndiko kulikomuua. Karibu kumuue na mtoto wa jirani yangu."

Alimtazama Hhando, aliyekuwa akining'iniza miguu ukutani, makovu madogo yakionekana kwenye shavu la mguu.

"Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilidhani ni maneno ya wagonjwa. Kumbe ni ya kila mtu. Ukiumwa na mbwa, hata wa nyumbani kwenu, hata akiwa rafiki yako, osha kwa sabuni na useme siku ile ile. Ukweli unaweza kukutia hofu. Useme hivyo hivyo, na hofu yako mkononi, kama alivyofanya binti huyu siku ya mfupa. Siku ile yeye ndiye alikuwa mtu mzima, si mimi."

Watoto hawakucheka. Qamara, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlango wa josho, alimfuata Verdiana, akachukua ile kamba kutoka mkononi mwake, akaizungusha kiganjani.

"Leo nitamwongoza mimi mpaka nyumbani," alisema. "Umechoka, mwanangu. Twende, Tabu."

Tabu alimtazama Verdiana kwanza. Kisha akaenda.